Nani Aliyetuma, na Ujumbe Umefikaje? Mhadhara juu ya Uvuvio na Uaminifu wa Biblia

(Mhadhara huu ulitolewa mjini Busia mbele ya viongozi wa dini, walimu, wanafunzi na wananchi wa Busia na Malaba. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.)

        

 Walionialika wameniomba nizungumzie jambo ambalo vijana wetu huulizwa shuleni, vyuoni na katika mijadala ya hadharani: je, Biblia ni neno la Mungu au ni maandishi ya watu? Na kama ni neno la Mungu, tuna hakika gani kwamba halikuharibiwa njiani?

Lengo langu leo ni kuonyesha kwamba hayo ni maswali mawili. Tukiyachanganya, tunayapoteza yote mawili. Ninyi watu wa mpakani mnaweza kulielewa hilo upesi kuliko wengi. Trela ikifika Malaba kutoka Mombasa, afisa wa forodha hukagua lakiri ya kontena na karatasi za mzigo. Lakiri ikiwa nzima, anajua kwamba kontena halikufunguliwa njiani. Lakini lakiri haimwambii kama aliyetuma mzigo ni mtu wa kuaminika. Hilo hujulikana kwa njia nyingine: kwa kushughulika naye, na kwa ushuhuda wa waliopokea mizigo yake zamani.

Historia ya nakala za Biblia ni ukaguzi wa lakiri. Imani ya uvuvio inamhusu Mtumaji. Mkristo anayedhani kwamba akithibitisha usalama wa nakala amethibitisha kuwa Mungu amesema, anajidanganya. Na mpinzani anayedhani kwamba akipata nakala mbili zisizolingana amethibitisha kuwa Mungu hakusema, naye anajidanganya vilevile. Nina hoja sita. Nitazipanga kwa namba ili wanafunzi walioshika kalamu wasipate taabu.

1. Uvuvio haukufuta mkono wa mwanadamu

Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya tatu, anafundisha kwamba Maandiko yametoka katika pumzi ya Mungu. Waraka wa pili wa Petro unasema kwamba watu walinena huku wakiongozwa na Roho Mtakatifu. Tazameni: walionena ni watu. Hawakugeuzwa mashine.

Luka anaanza Injili yake kwa kueleza kwamba alichunguza mambo kwa makini, akitegemea habari za walioona kwa macho yao. Huyo ni mtafiti. Yeremia alitamka na Baruku akaandika kwa wino. Mfalme Yehoyakimu alipolikata gombo lile kwa kisu na kulitupa motoni, Baruku aliketi akaliandika upya, na maneno mengine yakaongezwa. Katika Warumi sura ya 16, karani aitwaye Tertio anajitokeza na kuwasalimu wasomaji kwa jina lake. Na katika Wakorintho wa kwanza, sura ya kwanza, Paulo anasema aliwabatiza Krispo na Gayo tu. Kisha anakumbuka nyumba ya Stefana. Kisha anakiri kwamba wengine hawakumbuki. Hakuna aliyeufuta mstari huo ili mtume aonekane hasahau.

Hapa naomba niseme neno kwa heshima, kwa sababu mijadala ya dini katika miji yetu hukwama mahali hapa. Ndugu zetu Waislamu huamini kwamba Kurani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad neno kwa neno, kwa Kiarabu. Wakristo hawadai hivyo kuhusu Biblia. Wanadai kwamba Mungu alisema kupitia wachungaji, wafalme, wavuvi na matabibu, kila mmoja kwa lugha yake, tabia yake na nyakati zake. Atakayeipima Biblia kwa kipimo cha Kurani, au Kurani kwa kipimo cha Biblia, atapiga kelele mpaka jua lizame na hakuna litakaloeleweka. (Naona sheikh mmoja hapa anatabasamu. Nadhani hapo tumekubaliana.)

Kwa hiyo kijana akiambiwa, "Biblia iliandikwa na watu," asitetemeke. Ajibu: ndiyo, na Biblia yenyewe inawataja kwa majina. Swali ni kama Mungu alikuwa akifanya kazi pamoja nao.

2. Maandishi yamefika yakiwa salama kwa kiwango cha kustaajabisha

Tuingie kwenye lakiri. Hatuna karatasi aliyoiandika Yeremia wala ngozi aliyoigusa Paulo. Tulicho nacho ni nakala za nakala. Je, zinaaminika?

Hadi mwaka 1947, hati za Kiebrania za Agano la Kale zilizotegemewa zaidi zilikuwa za karne ya 10 na ya 11 baada ya Kristo. Nakala kamili ya kale kuliko zote, iliyohifadhiwa mjini Saint Petersburg, ni ya mwaka 1008. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo waligundua magombo katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Miongoni mwake lilikuwamo gombo la Isaya lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kwa hiyo wataalamu waliweza kulinganisha maandishi yaliyotengana kwa takriban miaka 1,000. Walikuta tofauti nyingi ndogo, za tahajia hasa, na chache za maneno. Isaya waliyemkuta ni yuleyule anayesomwa kanisani.

Upande wa Agano Jipya, hati za Kigiriki zilizopo ni zaidi ya 5,000. Kuna kipande cha mafunjo kutoka Misri, cha takriban sentimita 9 kwa 6, ambacho kimehifadhiwa mjini Manchester. Wataalamu wengi hukiweka katika karne ya pili. Kina mistari ya Yohana sura ya 18, pale Yesu anapohojiwa na Pilato. Na kutoka karne ya nne tuna hati iitwayo kitabu cha Sinai, yenye Agano Jipya lote.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana uaminifu wa Biblia hautetewi kwa kuficha mambo. Nakala hizo hutofautiana katika sehemu nyingi. Mistari 12 ya mwisho ya Marko haimo katika nakala mbili za kale zinazotegemewa sana. Habari ya mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana sura ya 8, haimo katika nakala za kwanza za Injili hiyo. Tafsiri nyingi za siku hizi huziwekea sehemu hizo mabano au maelezo chini ya ukurasa. Wachungaji, waonyesheni waumini mabano hayo ninyi wenyewe, kabla hawajaonyeshwa na mtu anayetaka kuwatikisa. Hakuna fundisho kuu la Ukristo linalosimama juu ya sehemu hizo peke yake. Na wingi wa nakala, unaozaa tofauti hizo, ndio pia unaotuwezesha kuzigundua na kuzisahihisha.

3. Vitabu havikuchaguliwa na mfalme

Kuna hadithi inayozunguka sana, kwamba mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu huko Nikea mwaka 325 na kuamua vitabu vya kuingia katika Biblia. Hadithi hiyo si ya kweli. Mtaguso wa Nikea ulishughulika na mafundisho ya Ario kuhusu Kristo, tarehe ya Pasaka na taratibu za kanisa. Orodha ya vitabu haikuwa kazi yake.

Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyohivyo tulivyo navyo, iko katika barua ya Pasaka ya mwaka 367. Mwandishi wake ni Athanasio, askofu wa Aleksandria. Baadaye sinodi za Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 zilitaja orodha hiyohiyo. Aleksandria iko Misri, Hippo iko Algeria ya leo, na Karthago iko Tunisia. Mtu akikuambia kwamba Biblia ni kitabu walichokitunga Wazungu ili kumtawala Mwafrika, mkumbushe kwamba orodha ya Agano Jipya ilithibitishwa katika bara hili, karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kufika Mumias.

Zaidi ya hayo, maaskofu wale hawakuvipa vitabu mamlaka. Waliyatambua mamlaka ambayo makanisa yalikuwa yameyasikia katika vitabu hivyo kwa vizazi kadhaa, katika ibada na katika mateso. Wakristo bado wanatofautiana kuhusu Agano la Kale: Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73, na Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Tofauti hiyo ni ya kweli na nisingependa kuifunika. Lakini Injili nne ni zilezile kwa wote.

4. Historia inaunga mkono, lakini haibebi mzigo wote

Mwaka 1961, huko Kaisaria kwenye pwani ya Israeli, wachimbaji walipata jiwe lenye jina la Pontio Pilato na cheo chake. Mwaka 1993, huko Tel Dan, lilipatikana jiwe la karne ya tisa kabla ya Kristo linalotaja nyumba ya Daudi. Kumbukumbu za Senakeribu, mfalme wa Ashuru, zinajisifu kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu. Hazisemi kwamba aliuteka mji huo, wala Biblia haisemi hivyo. Maandishi ya Delfi yanamtaja Galio, liwali wa Akaya, yuleyule wa Matendo sura ya 18, na kutusaidia kujua kwamba Paulo alikuwa Korintho karibu na mwaka 51.

Haya yanatosha kutuonyesha kwamba waandishi walizungumza juu ya watu na mahali halisi. Lakini jiwe la Pilato haliwezi kuthibitisha kwamba aliyesulubiwa chini ya Pilato alifufuka. Pia yapo mambo, kama safari ya Waisraeli kutoka Misri, ambayo wanaakiolojia hawajakubaliana juu yake. Akiolojia ni shahidi mzuri, lakini haiwezi kumshuhudia Mtumaji.

Lazima pia tujue tunasoma andiko la namna gani. Isaya anaposema miti ya mashambani itapiga makofi, hakuna mkulima wa Nambale atakayekwenda kutafuta mikono ya mvule. Ushairi ni wa kweli kwa namna ya ushairi, mfano kwa namna ya mfano, na taarifa ya tukio kwa namna ya taarifa. Mtaguso wa pili wa Vatikani, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba Maandiko yanafundisha bila kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Wakristo wa kiinjili waliokutana Chicago mwaka 1978 walikwenda mbali zaidi, wakatamka kwamba Maandiko ya asili hayana kosa katika yote yanayothibitisha, yakiwamo mambo ya historia. Katika mji huu mna makanisa ya pande zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kubishana kama andiko limekosea, tukubaliane kwanza andiko hilo linadai nini. Magomvi mengi yatakwisha hapo.

5. Ushuhuda wa waliopokea: habari ya mpaka wetu

Sasa tumwendee Mtumaji. Ushahidi wake ni maisha ya waliolipokea neno, na hapa tuna habari za kwetu wenyewe.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipitia nchi ya Wanga, jirani zetu, akaelekea magharibi na kuuawa Busoga. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo kwa sababu ya imani yao. Kila mwaka mnawaona mahujaji kutoka pande zote za Kenya wakipita hapa Busia na Malaba kwa miguu, wakienda kuwakumbuka. Basi kumbukeni na hili: Biblia nzima ya Kiganda, iliyotafsiriwa na George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, ilitoka mwaka 1896. Mashahidi wale walikufa miaka 10 kabla yake. Walikuwa wamesikia na kusoma sehemu tu. Hawakujua lolote juu ya Qumran wala juu ya barua ya Athanasio. Walimjua Mtumaji kwa kidogo kilichowafikia, nao hawakumkana.

Kitabu hicho kikaendelea kuvuka. Nchi hii tunamoketi ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda hadi mwaka 1902, ilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Mpaka ukawagawa Wateso, ukawagawa Wasamia. Biblia nzima ya Kiteso ilichapwa mwaka 1961, kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962 na wa Kenya wa 1963. Mteso wa Tororo na Mteso wa Amagoro walipata Biblia moja kabla hawajapata bendera mbili. Biblia ya Kijaluo ilitoka mwaka 1953, ya Kiluhya 1975, na toleo la Kiswahili la Union mwaka 1952.

Na watu walipoipata kwa lugha zao, waliisoma kinyume na matarajio ya walioileta. David Barrett, katika utafiti wake wa mwaka 1968 uitwao Schism and Renewal in Africa, alionyesha kwamba makanisa huru ya Kiafrika yalichipuka hasa mahali ambapo watu walikuwa na Maandiko kwa lugha zao. Walilinganisha maisha ya mmisionari na kitabu cha mmisionari, wakamhukumu kwa kitabu chake. Chombo cha kumtawala mtu hakifanyi hivyo. Kitabu kinachowahukumu hata wanaokibeba kina sauti nyingine ndani yake.

Mji huu ulikishuhudia kitabu hicho kikifanya kazi mwezi Agosti 1990. Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret alikuwa akiukemea ufisadi na dhuluma kama manabii walivyofanya. Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Kazi, alimwonya hadharani yeye na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke wakiwa hai. Tarehe 14 Agosti, Askofu Muge alikuja Busia, akazungumza na watu, akaondoka. Njiani kurudi Eldoret gari lake liligongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Sitahukumu leo kuhusu ajali ile. Ninachosema ni kwamba mtu yule aliliamini neno alilolihubiri kiasi cha kulifuata mahali alipotishiwa kifo, na baadhi yenu mliomo humu mlimwona kwa macho yenu.

6. Kuiamini Biblia si kumwamini kila anayeishika

Hoja ya mwisho ni onyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Wafuasi wa kundi moja la kidini walikuwa wamefunga chakula hadi kufa, wakitazamia kumwona Yesu. Mashtaka yalifikishwa mahakamani, nami nayaachia mahakama. Lakini sisi tuliomo humu tujiulize: inakuwaje mtu mwenye Biblia mkononi ashindwe kumkosoa mhubiri wake?

Ni kwa sababu tumewafundisha watu kuiheshimu Biblia kabla ya kuwafundisha kuisoma. Mstari mmoja ukitolewa mahali pake, unaweza kutumikishwa kwa lolote. Shetani mwenyewe, katika Mathayo sura ya 4, alimnukulia Yesu Zaburi, naye Yesu akamjibu kwa andiko lingine. Hiyo ndiyo kanuni: andiko lisomwe ndani ya sura yake, sura ndani ya kitabu chake, na kitabu ndani ya Biblia nzima. Lisomwe pamoja na wengine, wa leo na wa zamani. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, walisifiwa kwa sababu walichunguza kila siku kama mambo aliyoyasema Paulo yalikuwa kweli. Kama mtume alichunguzwa na akaridhika, ni mhubiri gani wa leo aliye mkubwa mno asichunguzwe?

Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimesema kwamba maswali ni mawili. Kuhusu lakiri, ushahidi ni mwingi na unatosha: maandishi yametufikia yakiwa salama, na sehemu zenye shaka zinajulikana na zimewekwa wazi. Kuhusu Mtumaji, hakuna maabara ya kumpima. Anajulikana na wanaolitii neno lake, na ushuhuda wao umetapakaa kandokando ya barabara hii kutoka Mombasa hadi Namugongo.

Ninaitazamia siku ambayo vijana wa Busia na Malaba watajifunza Kiebrania na Kigiriki na kuitafsiri Biblia wao wenyewe, kama alivyofanya marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki na kulichapisha mwaka 2014. Makanisa yenye uwezo, somesheni angalau kijana mmoja kwa kazi hiyo. Wachungaji, anzisheni darasa la kusoma kitabu kizima cha Biblia kutoka mwanzo hadi mwisho, badala ya mistari ya kurukaruka. Walimu, wapeni wanafunzi nafasi ya kuuliza maswali magumu bila kuwatisha. Na wewe uliyekuja leo ukiwa na mashaka, hukukosea mlango. Chukua Injili ya Marko, ndiyo fupi kuliko zote, uisome yote wiki hii. Ukimaliza, njoo tubishane.